Ipasue "-n ga tame ni", Usiikariri

Wewe uliyekwisha kuvuka N2 na sasa unaikodolea macho N1, ngazi ya juu kabisa ya mtihani wa JLPT, usikubali kuambiwa kwamba Kijapani rasmi ni cha kukariri tu. Kipasue! Anza na muundo unaowatisha wengi: "-n ga tame ni", yaani kulitafuta jambo kwa udi na uvumba.

Chukua kitenzi katsu, kushinda. Kikanushe: katanai. Ondoa nai, weka n, upate katan ga tame ni, ili kushinda. Hiyo n ni mabaki ya mu, kiambishi cha Kijapani cha kale kilichobeba nia. Ga nayo si ile ya kumtaja mtenda uliyofundishwa mwanzoni. Ni ga ya umiliki, ile ile iliyosalia katika waga kuni, nchi yetu. Tame ni lengo. Kumbe fundo lote ni lengo la nia ya kushinda! Nawe umekulia katika lugha inayofunga nafsi, wakati na mtendewa ndani ya neno moja kama "nitakupigia". Kuchambua viambishi ni kazi uliyoizoea tangu utotoni, basi itumie.

Sasa shika panapouma. Suru haiwi shin, huwa sen: sen ga tame ni. Sukuu, kuokoa, huwa sukuwan. Soma kwa sauti: Kodomo o sukuwan ga tame, haha wa hi no naka e tobikonda. Ili kumwokoa mtoto, mama alijitosa motoni. Unaona "ni" ya mwisho imedondoka na sentensi bado imesimama? Na uzito wake je? Huu si muundo wa kwenda dukani kununua maziwa. Huko "tame ni" ya kawaida yatosha kabisa. Huu ni wa hotuba, wa tahariri, wa riwaya, wa mtu aliyekaza mkanda kuliendea lengo zito. Wala usiufuatishe na amri au ombi, haupokei.

Usiogope kuuandika. Wanafunzi wengi huishia kuutambua kwenye karatasi ya mtihani, wakaridhika. Wewe usiridhike! Tunga sentensi zako, za malengo yako ya kweli, mpe mwalimu azikosoe, kisha uzirudie.

Manabu, kujifunza, itakuwaje? Manaban ga tame ni. Umeipata bila kukariri. Bado iku, kaku na mamoru: kalamu hiyo, zimalize leo.