Mtoto mwenye usonji naye ana haki ya ratiba

 

Ndugu Waislamu, katika aya ya 58 ya Suratun-Nuur, Allah (S.W.) ameagiza watoto wasiobaleghe wabishe hodi kwa wazazi wao nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya Isha. Wengi tunaisoma kama aya ya stara tu. Lakini humo mtoto anafundishwa pia kuijua siku ya nyumba yao ilivyogawanyika.

Kwa mtoto mwenye usonji jambo hili ni zito zaidi. Watoto hawa wengi hufadhaika sana mambo yakibadilika ghafla. Leo anaogeshwa asubuhi, kesho usiku. Leo anakula saa saba, kesho saa kumi. Akipiga kelele na kujigonga kichwa, majirani wanasema ana majini, na safari ya kwa mganga inaanza kabla hajatokea wa kuuliza kama mtoto alijua kinachofuata.

Sisi tuna nguzo tayari. Swala zimewekewa nyakati maalumu, na huku kwetu pwani, karibu na Ikweta, Magharibi haisogei hata saa moja mwaka mzima. Hata mtoto asiyesema anaweza kuzoea kwamba baada ya adhana ile ni kuoga, kula, kulala. (Wapo wanaoumizwa na kipaza sauti, hao watandikiwe mswala waone.)

Sasa nani anaishika ratiba hiyo? Nyumba nyingi ni mama peke yake, baba yuko barazani akisubiri Isha. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani. Alijibu kuwa akiwahudumia ahali zake, na wakati wa swala ukifika akitoka. Imo katika Sahihi Bukhari. Basi baba ashike zamu moja isiyokosa, japo ya kumvisha kanzu kila Alasiri. Amali ya kudumu, hata ikiwa ndogo, ndiyo aipendayo zaidi Allah.

Ramadhani ndipo nyumba nyingi huvurugika: jiko la mchana limezimwa, tarawehe, daku. Mtoto asiyebaleghe hajafaradhishiwa funga. Apikiwe chakula chake cha mchana saa ileile aliyoizoea, na kama usingizi wake lazima usogezwe, aanze kuzoeshwa kidogo kidogo tangu Shaabani.