Ngitili, dhahabu na usia wa Sayyidna Umar



Katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu (S.W.) anawataja wanyama wa mifugo miongoni mwa neema alizotupa. Sisi wa Shinyanga neema hiyo tunaijua, maana kwetu ng'ombe ni chakula, ni mahari na ni akiba. Lakini ng'ombe bila nyasi ni mzoga unaotembea.

Wakati wa ukoloni miti ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba nayo yakala ardhi. Kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakisema mkoa unageuka jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mradi huo uliwarudisha wananchi kwenye desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi. Kutoka hekta kama 600 mwaka 1986, ngitili zilifika zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Jambo hili si geni katika Uislamu. Linaitwa hima. Mtume (S.A.W.) aliihifadhi Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Lakini hima si ya mtu kujimilikisha kwa ubabe, kwani ametufundisha pia kuwa Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto.

Amepokea Imam Bukhari kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka mtumishi wake Hunayy kusimamia hima, alimuagiza awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan. Hao walikuwa masahaba wakubwa! Sababu aliyoitoa ni kwamba matajiri mifugo yao ikifa watarudi kwenye mitende na mashamba yao, lakini masikini atamjia na watoto wake akiomba, na kwake kutoa maji na majani ni rahisi kuliko kutoa dhahabu na fedha.

Tuyapime maneno hayo na hali yetu, sisi tunaokanyaga dhahabu kutoka Kahama hadi Geita. Miti inakatwa kuwa matimba ya kuzuia mashimo ya wachimbaji. Aliyepata dhahabu ananunua ng'ombe kwa mamia, na wote wanataka majani yale yale. Wengi husema dawa ni kupunguza mifugo tu. Mimi nauliza: ianze kupunguzwa ya nani? Mwaka 2006 wafugaji walipoondolewa Ihefu kupelekwa Lindi na kwingineko, wengi wao wakiwa Wasukuma, kuna waliopoteza mifugo njiani. Asiye na malisho kwao huwa mgeni asiyetakiwa kila aendako.

Kwa hiyo nawausia viongozi wa vijiji na wazee wa dagashida: ngitili ya kijiji isikodishwe kwa mwenye fedha ilhali mwenye ng'ombe watatu yupo nje. Mwenye mifugo mingi apunguze kwanza yeye. Tena akumbuke kuwa kila ng'ombe 30 wana zaka ya ndama wa mwaka mmoja, na ndama huyo ni haki ya masikini. Mchimbaji naye apande miti badala ya ile anayokata.

Dhahabu ikishachimbwa haioti tena. Majani huota kila mwaka, tukiyafanyia uadilifu.

Wabillahi tawfiq.