Watu 1,321 wa Isiolo Kusini

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 99,730 katika kaunti ndogo ya Garba Tulla, ambayo ndiyo jimbo la uchaguzi la Isiolo Kusini, na ndimo kijiji cha Kulamawe kilimo. Wakenya wote mwaka huo walikuwa 47,564,296. Wagawe kwa majimbo 290 yaliyowekwa na Katiba, upate wastani wa watu 164,015 kwa kila jimbo. Ibara ya 89 inaruhusu maeneo yenye watu wachache waliotawanyika yapungukiwe na wastani huo kwa asilimia 40, yaani yashuke hadi watu 98,409. Isiolo Kusini imepita kiwango hicho kwa watu 1,321 tu. Maboma mia mbili na ushei yangekuwa malishoni bila kuhesabiwa, jimbo lingekuwa chini ya kiwango na lingeweza kufutwa.

Kwa hesabu nyembamba namna hiyo, kila kijana wa Kulamawe anapaswa kuijua habari ya 1963.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, Uingereza ilituma tume ya watu wawili katika ile iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD: Onyiuke, mwanasheria kutoka Nigeria, na Meja Jenerali Bogert wa Kanada. Walizunguka mabaraza wakiuliza swali moja: mnataka kubaki Kenya au kujiunga na Somalia? Isiolo haikuwa na neno moja. Wasomali walitaka kuondoka, na Waborana na Wasakuye wengi waliokuwa Waislamu wakaelekea huko huko. Wengine walitaka kubaki. Ripoti ilipotoka Desemba 1962 ilieleza wazi kwamba wengi wa wakazi wa NFD walitaka kujitenga. Tarehe 8 Machi 1963 waziri wa makoloni, Duncan Sandys, akatangaza kinyume chake. Hakuna kujitenga. Garissa, Wajir na Mandera zikafanywa jimbo la saba, Kaskazini Mashariki. Isiolo, iliyokuwa makao ya utawala wa kaskazini nzima, ikatiwa katika Jimbo la Mashariki pamoja na Meru, Embu, Kitui na Machakos.

Kosa la kwanza ni la waliouliza. Ukimwita mfugaji barazani atembee siku nzima kuja kusema analotaka, kisha ukafanya ulilokuwa umeliamua, umemfundisha kwamba kusema hakuna faida. Na watu walijifunza upesi. Ulipofika uchaguzi wa Mei 1963, Kaskazini Mashariki ilisusa, na Isiolo nako wengi wakakataa hata kujiandikisha. Chini ya katiba ya majimbo kila wilaya ilikuwa na seneta wake mmoja, na Isiolo ilikuwa wilaya kamili. Seneti ilikuwa na viti 41, lakini ilifunguliwa na maseneta 38. Viti vitatu vya Kaskazini Mashariki vilikuwa wazi.

Ninaielewa hasira ile. Kususa kulikuwa na sababu, ila hakukuwa na mpango wa siku ya pili, na siku ya pili ilikuja haraka mno. Tarehe 28 Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya (DC) wa Isiolo, na Haji Galma Dido, chifu mkuu wa Waborana, walipigwa risasi wakafa upande wa Modogashe, wakiwa safarini kuwashawishi watu waikubali Kenya. Jina la Wabera leo liko kwenye barabara jijini Nairobi na kwenye wadi moja ya mjini Isiolo. Desemba hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki, vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga, vikaenea, na serikali ikaacha kuuliza.

Mwaka 1966 wafugaji wa Isiolo walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi: Garba Tulla, Merti, Modogashe. Waborana wanauita wakati huo Gaafa Daba. Mifugo ilizuiwa isiende mbali, ikamaliza majani yaliyokuwa karibu, ikafa papo hapo. Ngamia waliandamwa kuliko wanyama wote, kwa kuwa askari waliwahesabu kuwa ndio wabebaji wa mizigo ya shifta. Kwa Msakuye ngamia ndiye maziwa wakati ng'ombe amekauka, ndiye anayebeba nyumba na maji boma linapohama. Tena ngamia harudi upesi: hubeba mimba kwa miezi 13 hivi, azae mmoja, akae tena muda mrefu. Aliyepoteza kundi lake lote mwaka 1966 hakulipata tena akiwa na nguvu zake. Vita vilipoisha, ngamia wa Isiolo walikuwa wamekwisha karibu wote, na watu waliokuwa matajiri walisimama foleni ya unga wa msaada.

Mwaka huo huo Nairobi iliivunja Seneti. Jimbo la useneti la Isiolo likafutwa wakati watu wake wamefungiwa vijijini, wasiweze hata kuvuka uzio bila ruhusa. Mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967 yalinyamazisha bunduki, lakini mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga iliyozuia askari na maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyatenda kaskazini, Isiolo ikiwemo. Mamlaka ya hali ya hatari yaliondolewa mwaka 1991. Isiolo ilisubiri hadi 2013 kumpata tena seneta wake.

Sasa rudi kwenye wale 1,321. Katika mapitio ya mipaka ya 2012 Isiolo Kusini ilikuwa na watu 43,118 kwa sensa ya 2009, chini kabisa ya kiwango. Ilinusurika kwa kifungu cha mpito kilichokataza kufutwa kwa majimbo yaliyokuwepo, na kifungu hicho kilihusu mapitio ya kwanza peke yake. Mapitio yaliyofuata yalipaswa kukamilika Machi 2024, ukafika wakati huo tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, haina makamishna. Yakija hayatakuwa na kinga hiyo, na idadi iliyozidi maradufu kwa miaka kumi itahojiwa na wanaotaka kiti hicho kiende kwingine.

Sensa ya 2019 ilifanyika usiku wa kuamkia Agosti 25, kiangazi, wakati fora, yaani kambi za wachungaji na mifugo, ziko mbali na nyumbani. Ikija nyingine, kila boma liandike majina ya walioko fora na mahali walipo, chifu awe nayo kabla karani hajafika. Na siku tume itakapoketi Garba Tulla kusikiliza maoni ya mipaka, Kulamawe ipeleke waraka uliotiwa sahihi na wazee, wanawake na vijana, na irudi na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.