Kiazi cha Ua la Nyika

Liko swali ambalo watu wa nchi hizi za juu wamelikuta katika majani ya nyika: Je, ni dhambi kuchimba kitu ambacho hakuna mtu aliyekipanda?

Mvua zikiisha kuilowesha nchi, kati ya Desemba na Machi, huchanua maua mafupi, mengi yao hayapiti goti, ya rangi ya waridi, au meupe, au ya manjano. Ndiyo okidi za ardhini. Hapa Mafinga nyika imekuwa haba, maana tangu miaka ya 1960 misindano ya Sao Hill imefunika vilima vingi; lakini ukienda Njombe na Makete, hata uwanda wa Kitulo, utaziona. Chini ya ua mna viazi viwili: kimoja kikuukuu, laini, kilicholisha ua la mwaka huu; cha pili kigumu, ndicho akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka hicho kigumu. Huvushwa mpaka Zambia, nako husagwa na kupikwa pamoja na karanga, chakula kiitwacho chikanda. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulikadiria kwamba hata viazi milioni 4 vilivushwa kwa mwaka mmoja.

Wako wasemao: Mungu ametupa mimea iwe chakula, mchuma uyoga hana hatia, basi na mchimba okidi vivyo hivyo. Neno hili lina nguvu, lakini mfano wake haufai. Mchuma uyoga huacha nyuzi zake hai udongoni. Mchimba okidi haachi kitu. Tena mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina akiba ndani yake, wala hazioti zisipokutana na kuvu ya namna yake. Huwezi kuzimwaga kama ulezi ukangoja mavuno.

Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mtu akutaye kiota njiani ameruhusiwa makinda, ila mama amwache aende zake. Sheria hiyo haimnyimi mwenye njaa chakula. Yamzuia asile leo na kesho kwa mkono mmoja. Na okidi ni shida kuliko ndege, kwa kuwa ndani ya kiazi kile kigumu mama na kinda ni kitu kimoja.

Je, tumhukumu mama aliyeuza kopo la viazi ili mwanawe apate daftari? Mimi siwezi upesi. Maana sisi wenye mashamba hulima nyika ile ile kwa viazi mviringo na miti, na maua elfu huangamia kwa siku moja, wala hatuitwi wezi. (Mwizi huonekana vizuri zaidi akiwa na jembe dogo.) Kitulo, waitayo watu Bustani ya Mungu, imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005; lakini ua lililo nje ya mpaka halina mlinzi.

Usharika wenye shamba la miti, kabla ya kupanda tena, wazee wake na waende huko mwezi wa Januari, maua yakiwa wazi, waweke alama mahali pasipolimwa. Kipande hicho hakitaleta fedha, na mweka hazina ataulizwa habari zake.