Je, Mtoto Mdogo Aende Hija?



Kuna ugomvi wa nyumbani unaoletwa na ulevi, na kuna unaoletwa na jambo jema. Huu wa pili ni mgumu kuamua, kwa sababu kila mmoja anajiona yuko upande wa Mungu. Chukueni mfano wa mume na mke walioweka akiba miaka mingi ili wahiji Nchi Takatifu. Wakati wa kulipa nauli umefika, na nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili. Baba anasema, "Tumwache kwa nyanya yake. Hataelewa lolote, wala hatakumbuka." Mama anajibu, "Nitapigaje magoti pale Yesu alipozaliwa, na wangu nimemwacha?" Nani ana haki?

Mabishano ya tangu zamani

Msidhani mmeanza ninyi. Hekalu la Yerusalemu lilipokuwa lingali limesimama, Sheria ya Musa iliwataka wanaume wa Israeli wafike mbele ya Bwana mara tatu kwa mwaka. Walimu wa Kiyahudi wakajiuliza: mtoto naye anahesabiwa tangu lini? Majibu yao yamehifadhiwa katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho uliokamilika karibu mwaka 200. Wafuasi wa Shamai walisema: akiweza kukaa mabegani mwa baba yake na kupandishwa hadi mlima wa Hekalu, huyo ahesabiwe. Wafuasi wa Hileli walisema: la, mpaka aweze kumshika baba mkono na kupanda kwa miguu yake mwenyewe.

Tazameni jinsi walivyopima. Hakuna upande uliouliza kama mtoto ataelewa au atakumbuka. Waliuliza kama anaweza kubebwa, au kama anaweza kutembea. Na wote wawili walimtaja baba: mabega ni yake, mkono ni wake.

Hoja ya kumbukumbu

Ni kweli kwamba mtoto wa miaka miwili hatakumbuka Bethlehemu. Lakini hakumbuki pia maziwa aliyonyonya, na ndiyo yaliyomjenga. Hakumbuki siku aliyobatizwa, nasi hatukungoja akomae ndipo tumpeleke kanisani. Imani humfikia mtoto kwanza kwa sauti ya baba anayesali, kwa harufu ya ubani, kwa mkono wa mama unaomwonyesha ishara ya msalaba. Maelezo huja baadaye.

Kati ya mwaka 381 na 384, mwanamke Mkristo aitwaye Egeria alihiji Yerusalemu kutoka Ulaya ya magharibi, akawaandikia wenzake nyumbani aliyoyaona. Siku ya Matawi, anasema, watoto wote walikuwa katika maandamano, hata wale wasioweza kutembea, wamebebwa na wazazi wao mabegani, wakiwa na matawi ya mitende na ya mizeituni. Tena anasimulia kwamba watu walikwenda polepole, ili wasichoke. Ibada hiyo ilifuata mwendo wa wanyonge, na hakuna aliyeona kwamba imepungukiwa.

Hana alikataa kwenda

Je, basi mama anayesema "mwaka huu siendi" ana imani haba? Someni Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Elkana alikuwa akipanda kwenda Shilo kila mwaka kutoa sadaka. Samweli alipozaliwa, Hana mkewe alimwambia kwamba hatakwenda mpaka mtoto aachishwe kunyonya. Huyu ndiye mwanamke aliyelia mbele ya Mungu huko huko Shilo akiomba mtoto. Elkana angeweza kumwita asiye na shukrani. Hakufanya hivyo. Alimwachia afanye aonavyo vema, na wakati ulipofika Hana akampeleka mtoto mwenyewe.

Maria na Yosefu, kwa upande wao, walimpeleka Yesu Hekaluni akiwa bado mchanga. Alipokuwa na miaka kumi na miwili walikwenda naye kwenye Pasaka, na wakati wa kurudi wakampoteza siku tatu. Hata walipompata, Maria alisema uchungu wa wote wawili. Hakumtupia Yosefu lawama, ingawa wengi wetu tungefanya hivyo kabla ya kumkumbatia mtoto.

Kosa liko wapi?

Kwa hiyo kumpeleka si dhambi, na kumwacha si dhambi. Kosa ni pale ambapo ibada ya mmoja inalipiwa na mgongo wa mwingine. Baba anafuata kiongozi wa msafara, anasikiliza kila maelezo, anapiga picha, mama yuko nyuma na mtoto anayelia, na jioni anaambiwa, "Wewe hukuona lolote." Kosa jingine ni kumfanya mtoto pambo la hija yetu, tumvishe na kumpiga picha kila altare, huku ana njaa na usingizi.

Mkienda naye, ijueni njia. Kanisa la Kuzaliwa kwa Bwana huko Bethlehemu, lililojengwa mara ya kwanza katika karne ya 4, lina mlango wa mbele wenye kimo cha kama mita 1.2 tu. Mtu mzima lazima ainame. Mtoto wenu ataingia wima. Ndani ya pango, nyota ya fedha yenye ncha 14 imewekwa chini, na wakubwa hupiga magoti ili waiguse. Kwa mtoto iko karibu. Lakini katika Kanisa la Kaburi Takatifu huko Yerusalemu, ngazi za kupanda Golgotha ni za mawe na zina mwinuko mkali, na foleni ya kuingia kaburini inaweza kuwa ndefu sana. Hapo mtoto atachoka, na hana kosa. Mmoja apange foleni, mwingine akae uani na mtoto, kisha mbadilishane. Muda ukiisha kabla ya zamu ya pili, yule aliyebaki nje asidhani amekosa hija. Kaburi lile ni tupu. Na Bwana alisema kwamba anayempokea mtoto kwa jina lake, anampokea yeye.

Msijifunge mzigo ambao hamkupewa

Kanisa halimlazimishi Mkatoliki yeyote kufika Yerusalemu. Sheria ya Kanisa humhesabu mtoto kuwa amepata akili ya kupambanua anapotimiza miaka 7. Kabla ya hapo hadaiwi hata Misa ya Jumapili, seuze safari ya ndege. Msiuze ng'ombe wa karo. Msikope. Tena, vita vilivyoanza Oktoba 2023 vimewapunguza sana mahujaji katika nchi ile. Ulizeni kwanza habari za usalama, kwa maana kumweka mtoto hatarini si ushujaa wa imani. Namugongo kuna damu ya mashahidi wa mwaka 1886, na Subukia Mama Maria anaheshimiwa hapa hapa kwetu. Mabega ya baba yanafaa huko pia.

Leo usiku, watoto wakishalala, ulizaneni mambo matatu. Fedha hizi zingefanya nini kingine hapa nyumbani? Tukienda, ni nani atakayembeba mtoto, na kwa zamu gani? Na mmoja wetu akisema "bado", je, mwenzake anaweza kumjibu kama Elkana? Hili la mwisho lizungumzeni kabla ya kulipa hata shilingi moja.