Busara na Utu Mbele ya Deni
Katika mafundisho ya Kikristo, busara ni fadhila ya kupima jambo kabla ya kutenda. Thomas wa Akwino aliitanguliza mbele ya haki, nguvu na kiasi. Msingi wa utu ni Mwanzo 1:27: mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Huko Temeke na Kinondoni, jijini Dar es Salaam, mambo haya mawili hujaribiwa na deni. Mkopo wa riba kubwa, uitwao kausha damu, ukimshinda mama lishe, huweza kubebewa godoro na masufuria majirani wakitazama. Hasara hulipika, fedheha ndiyo inayomuumiza zaidi. Jumuiya ndogondogo za Kikristo, zilizopewa kipaumbele mwaka 1976 na AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, husali nyumba kwa nyumba na huona shida mapema. Kumsaidia mdaiwa bila kumtangaza ni wajibu wao.