Washa Taa Kwanza

Somo: Luka 15:8–10

Leo sihubiri juu ya jirani. Nahubiri juu yangu mwenyewe, na naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Jioni moja mwaka jana, hapa Sigalame, stima ilikuwa imepotea. Mfukoni nilikuwa na noti tatu: mbili za mia na moja ya hamsini. Nikachomoa mbili gizani, nikampa kitinda mimba wetu, msichana wa miaka sita. Nikamwambia, "Kimbia dukani, leta nusu kilo ya sukari na kipande cha sabuni." Vitu vya shilingi 120. Kichwani mwangu nimempa 200, kwa hivyo nangoja 80.

Mtoto akarudi na sarafu mbili: ishirini na kumi.

"Hamsini iko wapi?" Kimya. Nikauliza tena kwa sauti. Kimya. Nikachukua fimbo. Mama yake akasema, "Baba, ngoja kwanza, mtoto huyu hata noti hazijui." Sikungoja. Fimbo ya tatu, mtoto akalia: "Nilinunua peremende, baba. Nisamehe." Moyo wangu ukatulia. Nikaona nimefanya kazi ya mzazi. Tukaomba, tukalala.

Jumamosi nikapanda boda kwenda Funyula. Kufika, nikatoa ile hamsini iliyobaki nimlipe kijana. Ilikuwa mia.

Pigeni hesabu pamoja nami. Nilikuwa na 250. Kama mia ndiyo iliyobaki, basi mtoto nilimpa 150. Toa 120, inabaki 30. Ishirini na kumi. Mtoto hakuwa amechukua hata ndururu.

Sasa niulizeni: ile peremende ilitoka wapi? Niliitengeneza mimi, kwa fimbo. Mtoto alikuja na ukweli mkononi, mimi nikamfundisha uongo ndio apate amani. Na alishindwa kujitetea kwa sababu hakuweza kusema, "Baba, ulinipa mia na hamsini." Shuleni anaimba moja mpaka mia bila kukosea. Lakini hakuna aliyekuwa amekaa naye chini kumwonyesha mia ni gani na hamsini ni gani. Hiyo kazi ilikuwa yangu.

Turudi kwa yule mama wa Luka 15. Alikuwa na sarafu kumi, moja ikapotea. Angalieni mambo mawili. La kwanza, alijua kwamba imepotea. Alijuaje? Alikuwa amehesabu. La pili, alipokosa moja, Yesu hasemi aliita watoto akawachapa. Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii. Mimi nilihesabu gizani, nikahukumu gizani. Mwambie jirani yako: washa taa kwanza!

Wapendwa, sisi watu wa mpakani tuna sababu zaidi ya kufundisha watoto. Ukifika Busia au Malaba, pesa mbili zinatembea barabara moja, na zote zinaitwa shilingi. Elfu moja ya Uganda haifiki hata hamsini ya Kenya. Mtoto akisikia "elfu" tu, anaweza kupunjwa mchana kweupe. Na siku hizi tunalipa kwa simu. Mtoto anaona baba akibonyeza, unga unakuja. Haoni pesa ikitoka. Atajuaje kwamba inaisha?

Kwa hivyo nyumbani kwangu tulianza upya. Hatukununua chochote. Tulianza na vifuniko vya soda na punje za mahindi: anashika moja, anataja moja, anaweka kando. Mkono na mdomo viende pamoja, si mdomo peke yake. Halafu sarafu. Zile zilizotoka mwaka 2018 zina wanyama, na mtoto anazipenda: twiga ni shilingi moja, kifaru ni tano, simba ni kumi, ndovu ni ishirini. Nikamuuliza, "Simba wangapi wanatosha ndovu mmoja?" Akapanga mezani, akajibu mwenyewe. Halafu noti, mchana, kwenye mwanga. Nikimtuma dukani, namhesabia mkononi na yeye ananihesabia. Na akipewa chenji, anahesabu hapo hapo mbele ya mwenye duka. Huko si kumkosea mtu heshima. Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho 8, alipanga sadaka ibebwe na zaidi ya mtu mmoja, asije akalaumiwa. Kama mtume alikubali kuhesabiwa, wewe na mimi ni nani?

Na sadaka yake ya Jumapili aitoe kwa mkono wake, akijua ni kiasi gani. Yule mjane wa Luka 21 alitoa senti mbili, na alijua ndizo zote alizokuwa nazo. Bwana aliona.

Lakini kabla ya hayo yote, jioni ile ya Jumamosi kulikuwa na deni. Nilimwita mtoto mbele ya mama yake na kaka zake. Nikapiga magoti, kwa sababu nilipomchapa nilikuwa nimesimama. Nikamwambia, "Hukuiba. Baba ndiye alikosea. Nisamehe." Akaniangalia muda mrefu. Halafu akauliza, "Kwa hivyo sikula peremende?" Ndugu zangu, mtoto alikuwa ameanza kuamini uongo wangu. Nililia.

Nikamsimulia habari za Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne. Alikaa kimya kidogo, akaanza kukunja vidole: hamsini... mia... mia na hamsini... "Baba, ni mia mbili." Nikalipa. Kumi mbili akaziweka kando, akasema ni za Mungu.

Mzazi unayesoma haya, pengine kuna mtoto kwako anayebeba kosa ambalo si lake. Usingoje Jumapili. Nenda leo, washa taa, hesabu upya. Ukikuta kosa ni lako, sema.

Tuombe: Baba, tufundishe kuwa wakweli katika kidogo, ili watoto wetu wakuamini wewe kwa yaliyo makubwa. Kwa jina la Yesu. Amina.